Bomba likipita shambani: piga picha fomu kabla ya kusaini

Wenye mashamba jirani na njia ya TAZAMA (bomba la mafuta la Tanzania–Zambia), Iringa hadi Mbeya, hii iwafae bomba jipya likija. Mthamini, anayekadiria thamani ya mali yako kwa ajili ya fidia, akifika, tembea naye mche kwa mche, kisha piga picha kila ukurasa wa fomu kabla ya kusaini. Mparachichi unaozaa hauthaminiwi sawa na mche wa juzi. Hela nyingi hupotelea hapo. Jedwali la fidia (orodha ya mali na malipo yake) likija na idadi nyingine, una ushahidi. Angalia pia posho ya usumbufu na ya usafiri, zimo kisheria. Malipo yakipita miezi 6 tangu Mthamini Mkuu aidhinishe, dai riba. Picha haitakusaidia kwa ulichopanda baada ya tarehe ya ukomo, yaani siku ambayo baada yake mazao mapya hayahesabiwi (wapo wanaojaribu), wala ndani ya mkuza (ukanda wa ardhi ya bomba) uliokwishalipiwa.