Unaenda kusoma London? Jua nauli kwanza

Vijana wetu wa Kisumu mnaoenda masomoni London Septemba, hebu nisikizeni kidogo. Mabasi ya kule hayachukui keshi tangu 2014, hakuna makanga wa kukuambia lipa ukishuka kama matatu za Kondele, unaingia mlango wa mbele unagusisha kadi ya benki ama ya nauli kwa kile kimashine cha njano unaenda kukaa. Kwa basi ni mara moja tu, lakini kwa treni lazima uguse ukiingia na ukitoka, ukisahau wakati wa kutoka unakatwa nauli ya juu kabisa na hiyo kwa mwanafunzi ni pesa ya chakula jamani. Tena tumia kadi ileile, ukiingia na kadi ukatoka na simu iliyowekwa kadi hiyohiyo ya benki, mashine inahesabu watu wawili tofauti. Chuo kikishakusajili, omba Oyster, yaani kadi ya nauli ya London, ile ya wanafunzi wa miaka 18 na zaidi (18+), inakupunguzia asilimia 30 kwa tiketi ya wiki ama ya mwezi. Na ukishapata nyumba jiandikishe kwa daktari wa mtaa mapema, usingoje homa ikushike, ile ada ya afya ulishailipa pamoja na viza.