Kisanduku cha nambari ambacho shangazi hakukiona

Shangazi yangu huuza mahamri Kibokoni, Mombasa, na aliniomba nimtengenezee programu ya simu ya kupokelea oda. Nikaijenga kwa Flutter, zana ya Google ya kujengea programu za simu, nimeketi ndani chini ya feni, ikanipendeza. Saa nne asubuhi nikampelekea barazani. Akaigeuza simu huku na huku juani, kisha akasema, "Mwanangu, pa kuandika nambari ni wapi? Miye naona karatasi nyeupe tu."

Haki yake. Mpaka wa kisanduku nilikuwa nimeupaka kijivu cha #BDBDBD juu ya weupe, tofauti ya mwangaza ambayo haifiki hata 2 kwa 1. Mwongozo wa WCAG, ule wa kimataifa wa kurahisishia watu wote matumizi ya tovuti na programu, unataka angalau 3 kwa 1 kwa mpaka kama huo, na 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Siku hizi natumia #757575 kwa mpaka na kwa maandishi ya kidokezo pia, yale yanayoonekana kisanduku kikiwa tupu; inavuka 4.5 kwa uchache sana, lakini inavuka. Kabla ya kuamini macho yako ya ofisini, toka nje na simu jua likiwa utosini.

Sasa kazi yenyewe. Usipambe kila kisanduku kivyake, utachoka na vitatofautiana. Weka mtindo mara moja kwenye `inputDecorationTheme` ya `ThemeData`, panapowekwa mtindo wa programu nzima, visanduku vyote virithi hapo. Mimi naanza na `border: OutlineInputBorder()`, halafu `enabledBorder` ya kijivu kwa kisanduku kilichotulia, `focusedBorder` ya rangi ya duka yenye upana wa 2 kwa kilichoguswa, na `errorBorder` nyekundu kwa chenye kosa.

Hapo ndipo nilipopotezea jioni nzima. Nilikuwa nimeweka hizo tatu za mwisho tu, bila `border` na bila `focusedErrorBorder`, ya kisanduku chenye kosa kikiguswa. Kila kitu kilikwenda sawa mpaka mtu akosee nambari kisha aguse kisanduku arekebishe: mara sanduku linayeyuka, unabaki mstari mmoja chini, kwa sababu hali hiyo haikuwa na mpaka wake, na mpaka wa kawaida wa Flutter ni mstari wa chini. Hivyo taja zote tano.

Jina la kisanduku liweke kwenye `labelText`, usilitegemee `hintText`, yaani kidokezo. Kidokezo hutoweka herufi ya kwanza ikiingia. Shangazi akikatizwa na mteja katikati ya kuandika, akirudi anakuta "20" na hajui kama ni mahamri ishirini au ni mwanzo wa nambari ya nyumba. Mimi huweka `FloatingLabelBehavior.always` ili jina likae juu muda wote. Wapenda urembo hawaipendi. Shauri yao.

Kimo nacho: vidole vyake vina unga na mafuta. Nikaondoa `isDense` inayobana kisanduku, nikaweka `contentPadding`, nafasi ya ndani, ya 16 pande zote. Eneo la kugusa lisipungue 48 kwa vipimo vya Android.

Ujumbe wa kosa uandike kama mtu anavyomwambia mwenzake. "Ingizo batili" ni lugha ya nani? Andika "Nambari haijatimia, ziwe tarakimu 10." Na usiiachie rangi nyekundu peke yake kazi ya kutoa habari, kuna wasioitofautisha. Ila ujumbe ukitokea, kisanduku hurefuka na kitufe cha "Tuma" husukumwa chini wakati kidole kiko njiani. Dawa yake ni ndogo ajabu: weka `helperText: ' '`, maandishi ya msaada chini ya kisanduku yenye nafasi tupu moja, mstari wa ujumbe uwe umeshatengewa mahali pake tangu mwanzo.

Kwa nambari ya simu tumia `TextInputType.phone`, kibodi ije na tarakimu kubwa. Ukitaka +254, msimbo wa Kenya, ionekane mbele, `prefixText` inatosha, lakini kumbuka ni pambo tu, haimo ndani ya alichoandika mtu. Na hapa kwetu mtu ataandika 07 au 01 tu, hata ukimwonyesha +254 kubwa kama bango. Usimkaripie. Iondoe sifuri ya mbele mwenyewe unapohifadhi, la sivyo utapata +25407 na oda isiyo na wa kuipigia.