Jinsi ya kuingiza miundombinu ya kijani katika mpango wa mtaa, Kampala: anzeni kilimani

Kila Bwaise, mtaa wa bondeni jijini Kampala, inapofurika, macho ya watu wote huenda kwenye mfereji: umeziba, ni mwembamba, uchimbwe upya. Mfereji una kazi yake. Lakini maji yanayoingia vyumbani Bwaise na Kalerwe yameangukia kwanza kwenye mabati, lami na nyua za saruji za Makerere, Mulago na vilima vya jirani, kisha yakateremka yote kwa mkupuo. Mimi hufanya kazi na kamati za LC1 (baraza la mtaa, ngazi ya chini kabisa ya serikali) na mafundi wa mitaani, na msimamo wangu ni kwamba kazi ianzie juu. Maji yanayozuiliwa kilimani kwa bustani ya mvua (shimo pana la kina kifupi lenye mimea, linalokusanya maji yapenye ardhini), mtaro wa nyasi au tangi hayamfikii jirani wa bondeni saa ile mbaya. Hayo, pamoja na miti na vinamasi, ndiyo miundombinu ya kijani.

Hatua ya 1: Tembea mvua ikinyesha

Kampala hupata mvua nyingi kuanzia Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba. Vaa gambuti utoke. Chora mtaa kwa mkono: barabara, nyumba, mifereji, vyoo vya shimo, chemchemi. Weka mishale kuonyesha maji yanakokimbilia.

Mvua ikikatika, piga hodi nyumba za bondeni. "Mama, samahani, mara ya mwisho maji yalifika wapi?" Mara nyingi utaonyeshwa mstari wa tope ukutani. Pima kutoka sakafuni hadi kwenye mstari huo, andika sentimita na tarehe anayoikumbuka. Nyumba kumi zikishapimwa hivyo, una ushahidi ambao hakuna ofisa wa divisheni, yaani ofisi ya jiji ya eneo lenu, atakayeupuuza kirahisi.

Jueni pia maji yenu yanaelekea upande gani. Mfereji wa Nakivubo hupeleka maji kwenye kinamasi cha Nakivubo, hadi Ghuba ya Murchison katika Ziwa Victoria, na ni kwenye ghuba hiyohiyo mitambo ya Ggaba huchota maji ya bomba ya jiji. Maji ya Lubigi, kinamasi kingine, huelekea kwingine, kwenye mto Mayanja na hatimaye Kafu. Mafunjo ya vinamasi hivi huchuja uchafu wetu bure. Kinamasi kikifukiwa, gharama ya kuyasafisha maji hayo hupanda, na anayelipa ni mwananchi.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya paa

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 50 likipigwa na mvua ya milimita 40 hupokea lita 2,000. Toa kama asilimia 10 inayopotea, zinabaki lita 1,800, yaani madumu 90 ya lita 20 kutoka nyumba moja. Bustani ya mvua yenye kina cha sentimita 20 inahitaji mita za mraba 9 kuyapokea yote, tuseme mita 6 kwa mita 1.5. Kama nafasi hiyo haipo, weka gata na tangi, bustani ipokee yanayozidi.

Hatua ya 3: Uliza udongo

Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, acha yanyonywe na udongo, lijaze tena. Sasa simamisha kijiti chenye alama za sentimita na uangalie saa. Maji yakishuka chini ya sentimita 1 kwa saa, hapo si mahali pa bustani ya mvua. Maji yote yanapaswa kuisha ndani ya siku mbili. Wakazi watakuuliza kuhusu malaria, na wana haki. Wajibu kwamba yai la mbu huhitaji takriban wiki moja au zaidi hadi kuwa mbu kamili, kwa hiyo bustani inayokauka kwa siku mbili haimkuzi.

Chini kabisa bondeni maji ya ardhini yako karibu mno na hakuna pa kupenyea. Huko wekeni matangi, inueni vitanda vya bustani, na lindeni mafunjo yaliyobaki. Kokote mlipo, msichimbe karibu na choo cha shimo wala mahali ambapo maji yatapenya hadi kwenye chemchemi.

Hatua ya 4: Ardhi ni ya nani?

Sehemu kubwa ya Kampala ni ardhi ya mailo, yaani ya umiliki binafsi wenye hati, na mwenye kibanja, yaani anayekaa na kutumia kiwanja, si lazima awe mwenye hati. Pateni idhini ya wote wawili kwa maandishi, mbele ya mwenyekiti wa LC1, na mhuri ugongwe. Vinamasi ni jambo jingine: Katiba ya 1995 inasema serikali inavishikilia kwa niaba ya wananchi, na kanuni za mwaka 2000 zinalinda mita 200 kutoka ufuko wa Ziwa Victoria. Kabla ya kugusa chochote huko, onaneni na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira.

Hatua ya 5: Chimba kwa usawa

Mtaro wa kilimani ukiinama upande mmoja, unageuka kuwa mfereji mwingine. Tengeneza fremu ya herufi A: miti miwili ya mita 2 na mmoja wa kuikata katikati, kisha ning'iniza timazi, hata jiwe na uzi, kutoka kileleni. Simamisha fremu juu ya vigingi viwili, weka alama uzi unapougusa mti wa kati. Igeuze, miguu ibadilishane vigingi, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Ukishapata alama hiyo, tembeza fremu mlimani mguu kwa mguu, kila uzi unapotulia pale piga kigingi.

Bustani iwe mita 3 au zaidi kutoka msingi wa nyumba. Changanya udongo na mchanga na mboji, panga mawe mahali maji yanapoingia yasichimbe, na acha mdomo wa kutolea yanayozidi kuelekea mfereji uliopo.

Hatua ya 6: Panda

Nyasi za pasipalamu kwenye mtaro, mchaichai ukingoni, mti wa nsambya penye nafasi. Mutuba ni mti mzuri, ila mizizi yake iwe mbali na kuta na mabomba. Magimbi na mboga pandeni tu panapopokea maji ya paa. Maji ya barabarani yana oili na kinyesi.

Hatua ya 7: Yaandikeni kwenye mpango

Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2010 iliifanya Uganda nzima kuwa eneo la mipango, kwa hiyo mtaa wenu una nafasi mezani. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na mazungumzo ya bajeti huanza miezi mingi kabla. Pelekeni mchoro, vipimo vya kuta na hesabu za paa wakati huo. Ombeni mambo mawili: fungu la matunzo, na sharti kwamba jengo jipya kilimani lizuie maji yake lenyewe.

Hatua ya 8: Matunzo

Hapa ndipo miradi mingi hufia. Kabla ya kuchimba, andikeni ni nani atasafisha, lini, na jembe litatunzwa kwa nani. Bulungi bwansi (kazi ya pamoja ya jamii) ya mwezi inatosha kwa kupalilia, lakini kavera (mifuko ya plastiki) na chupa ziondolewe kila baada ya mvua kubwa. Maji yakianza kukaa zaidi ya siku mbili, tifueni udongo wa juu. Tope mnalolitoa lipelekeni mbali. Likiachwa ukingoni, mvua inayofuata italirudisha ndani.