Harambee ya mtaa kwa waliopatwa na janga ng'ambo: anzia kwa mpokeaji

Kamati nyingi zikikaa mara ya kwanza huanza kubishana kuhusu hema na MC. Hayo yangoje. Swali la kwanza ni hili: pesa zikishapatikana, nani atazipokea, kupitia akaunti gani, na atatupa karatasi gani ya kuonyesha amezipokea? Kamati isiyo na jibu hujikuta na laki mbili na nusu kwenye simu ya mhazini, kimbunga kimeshatoka kwenye habari, na majirani wameanza kuulizana chini kwa chini.

Mpokeaji

Kwa watu wa Nairobi, njia fupi ni Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, ambalo makao yake makuu yako South C. Liliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965, na lina mashirika dada karibu kila nchi chini ya shirikisho moja la kimataifa. Kwa hiyo kuna mkondo unaojulikana wa kufikisha pesa Malawi, Msumbiji au Uturuki (huko Uturuki shirika huitwa Hilali Nyekundu). Ila usidhani kila janga la ng'ambo hufunguliwa mchango hapa. Nendeni ofisini au mwandike barua pepe, mkiuliza mambo matatu: je, kuna mchango uliofunguliwa kwa janga hili? Pesa zetu zitatengwa kwa janga hili pekee, na zikibaki zitaenda wapi? Mtatupa risiti yenye jina la kikundi chetu? Majibu yaje kwa maandishi. Hiyo barua ndiyo mtakayomwonyesha chifu, pasta, imamu na yule mzee wa nyumba kumi anayetaka kujua kila kitu.

Parokia nyingi hupitishia michango Caritas, shirika la misaada la Kanisa Katoliki, na misikiti mingi ina mashirika yake inayoyaamini. Ni sawa, mradi maswali ni yale yale. Shirika lisilo la serikali lioneshe cheti cha usajili. Tangu Mei 2024, Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ilipoanza kutumika, mamlaka mpya imechukua nafasi ya ile Bodi ya NGO. Msalaba Mwekundu una sheria yake, kwa hiyo msiudai cheti hicho.

Njia mnayopaswa kuikwepa ni ile ya "nina binamu yuko huko, atawafikishia." Binamu anaweza kuwa mwaminifu kabisa, lakini benki za mji uliofurika zimefungwa, na yeye mwenyewe anatafuta maji ya kunywa. Tena nchi ikiwa na vikwazo vya kifedha, benki ya hapa inaweza kuizuia pesa kwa wiki kadhaa ikiulizia chanzo na mpokeaji.

Kama mpokeaji yuko nje na lazima mtume kwa benki, tumeni kiasi chote mara moja, si vipande vitano, maana kila kipande kina ada yake. Fomu itauliza nani atalipa gharama. Mkichagua SHA, yaani kugawana gharama na mpokeaji, benki za katikati hukata njiani na pesa hufika pungufu. Mkichagua OUR, yaani nyinyi watumaji mlipe, gharama inabaki kwenu na karibu kiasi chote hufika. Kumbukeni pia kwamba shilingi hugeuzwa dola kwanza, kisha sarafu ya huko. Mnapoteza kidogo kila mara, kwa hiyo ulizeni viwango vya ubadilishaji kwenye benki mbili kabla ya kutia sahihi.

Msikusanye nguo

Hapa tutakaa kidogo kwa sababu ndipo nia njema nyingi hupotelea. Kimbunga Idai kilipopiga Beira Machi 2019, barabara kuu ya kuingia mjini ilikatwa na maji. Misaada ya siku za kwanza ilibebwa kwa ndege, helikopta na mashua. Katika safari kama hizo, nafasi ya kila kilo ina mwenyewe: vidonge vya kusafisha maji, maturubai, vyakula vya watoto. Gunia la sweta kutoka mtaa wa Umoja likifika uwanja wa ndege, lazima mtu alipwe kulishusha, kulichambua na kulitafutia ghala. Na Msumbiji wana mitumba yao. Hakuna anayengoja ya soko letu la Gikomba. Dawa ndizo mbaya zaidi. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, jimbo la Aceh, Indonesia, lilifurika dawa zisizohitajika, zilizokaribia kuisha muda au zenye maandishi ambayo wauguzi wa huko hawakuweza kuyasoma, kisha ikabidi zitafutiwe pesa nyingine za kuziteketeza.

Jirani akikuambia ana blanketi kumi, usimkatae. Mwambie azilete siku ya harambee, ziuzwe mezani, na noti ziingie kwenye ndoo. Anaondoka ameridhika, na walioko huko wanapata pesa, ambayo hununua blanketi sokoni kwao bila nauli ya ndege.

Pesa ziingie wapi

Njia bora ni Paybill (nambari ya kupokelea malipo ya M-Pesa) ya mpokeaji mwenyewe, mkipewa neno la kuandika kwenye nafasi ya akaunti, kwa mfano jina la mtaa wenu. Pesa haiwapitii kabisa. Upungufu wake ni kwamba hamuoni jumla papo hapo, kwa hiyo kubalianeni mletewe orodha kila jioni wakati wa mchango.

Ya pili ni akaunti ya chama au kanisa iliyopo tayari, yenye watia sahihi watatu, wawili kati yao wakihitajika kutoa pesa. Kikundi kipya kinaweza kusajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, kikiwa na watu kumi au zaidi, kisha kifungue akaunti kwa cheti, katiba, muhtasari wa kikao na nakala za vitambulisho. Lakini hayo huchukua muda, na janga halingoji. Azimeni akaunti iliyopo na muandike barua ya makubaliano. M-Changa, jukwaa la kuchangisha pesa kwa simu, nayo imekuwa ikifanya kazi hii tangu 2012: kila anayetoa anaona jumla ikipanda. Inakata ada, kwa hiyo someni kiwango kabla ya kutangaza lengo.

Laini ya mtu binafsi ni ya mwisho kabisa, na tungependa isitumike. Salio la M-Pesa haliwezi kupita shilingi 500,000, na muamala mmoja haupiti 250,000. Likijaa, michango inarudi kwa wenyewe, na wengi wao hawatatuma tena. Halafu kuna Fuliza, ule mkopo mdogo wa M-Pesa. Mhazini akiwa na deni la Fuliza, mchango wa kwanza kuingia unalipa deni lake kabla hajafumbua macho. Si wizi, ni mtambo unavyofanya kazi, lakini jaribu kuueleza mkutano.

Mkiwa na Paybill yenu, amueni mapema ada italipwa na nani: mtoaji, nyinyi, au mgawane. Kama analipa mtoaji, lisemeni kwenye bango. Mtu aliyebaki na mia mbili kamili kwenye simu hataweza kutuma mia mbili, na atadhani nambari ni mbovu.

Kibali

Sheria ya Makusanyo ya Umma, Sura 106, inataka kibali kwa anayekusanya pesa kwa umma. Anzeni kwa chifu, mkiwa na barua ya mpokeaji, orodha ya kamati na tarehe, naye atawaelekeza kwa naibu kamishna wa kaunti. Mkikutana uwanjani, kituo cha polisi kipewe taarifa ya maandishi isiyopungua siku tatu wala kuzidi kumi na nne kabla ya siku yenyewe. Kutumia uwanja wa kaunti na spika kubwa kuna vibali vyake pia. Ukumbi wa kanisa au wa shule hupunguza nusu ya kazi hii.

Neno moja kuhusu mgeni wa heshima. Julai 2024 Rais alitangaza marufuku kwa maafisa wa umma kushiriki harambee, na hata kabla ya hapo mwanasiasa alikuwa akifika saa tatu baadaye, anatoa ahadi, kisha anaondoka na nusu ya umati. Mwalimu mkuu au daktari wa mtaa anatosha.

Lengo, kisha watu

Usiseme "tutoe kadiri ya uwezo." Weka lengo na ulivunje. Tuseme ni shilingi 300,000. Watu 8 wa elfu kumi ni 80,000. Watu 30 wa elfu tatu ni 90,000. Watu 80 wa elfu moja ni 80,000. Zinabaki 50,000 za chakula, meza ya vitu na ndoo. Hapo mna watoaji 118, na kwa kuwa si kila aliyeombwa hutoa, pangeni kuwaomba watu 350 hivi. Wale 8 waombwe ana kwa ana kabla ya tarehe kutangazwa. Mkianza na ndoo, mwenye elfu kumi ataona watu wanaweka mia mbili na yeye ataweka mia mbili.

Tarehe iwe wikendi iliyo karibu na mshahara, kati ya tarehe 28 na 5, na isipite wiki tatu baada ya janga. Januari, kama mnavyojua wenyewe, kila mtu ana janga lake. Mmalize saa kumi na moja jioni ili mtu asitembee na ndoo ya pesa gizani.

Mkiamua kupika, pilau ya sahani 100 inataka mchele kilo 12, nyama kilo 8, viazi kilo 5, vitunguu kilo 4 na mafuta lita 3. Kwa chapati, pakiti ya unga ya kilo mbili hutoa kati ya 20 na 24. Sahani ikiuzwa 300, ukipata 30,000 na gharama ikawa 10,000, unabaki na 20,000. Gharama ikivuka theluthi ya mauzo, afadhali msipike. Usiuze chakula kwa pesa taslimu mkononi: mtu mmoja auze tiketi zenye nambari, mwingine apakue. Mwisho wa siku, tiketi zilizouzwa zilingane na pesa. Bila tiketi, sufuria huwa na marafiki wengi.

Meza ya kuhesabia

Ndoo ziwe za plastiki inayoonyesha ndani, kila moja na nambari, mfuniko umezungushwa utepe wa karatasi wenye gundi na kutiwa sahihi na watu wawili juu ya mshono wake. Hazifunguliwi uwanjani. Zinabebwa na watu wawili hadi chumba chenye meza tupu, bila mikoba mezani.

Wahesabu wawe watatu wasio wa familia moja. Wa kwanza anapanga noti kwa aina: elfu, mia tano, mia mbili, mia, hamsini. Wa pili anahesabu tena rundo lile lile bila kuambiwa jibu la kwanza. Wa tatu anaandika fomu: nambari ya ndoo, idadi ya kila noti, sarafu, jumla. Wawili wakitofautiana, rundo linahesabiwa upya, wala hamchukui nambari ya katikati. Wote watatu wanatia sahihi, na fomu inapigwa picha kabla ya pesa kuondoka mezani.

Jumapili benki zimefungwa, kwa hiyo zungumzeni siku mbili kabla na wakala wa benki, kwa maana wakala mdogo huenda asiwe na salio la kupokea laki moja kwa mara moja. Mkikosa wakala, kasha la chuma la kanisa lenye funguo mbili, kwa usiku mmoja tu.

Ahadi na ujumbe feki

Ahadi si pesa. MC atataka kutangaza "tumefikisha laki tatu na nusu" huku laki na nusu yake ikiwa ni maneno. Tangazeni nambari mbili kila mara: zilizoingia na zilizoahidiwa. Kila ahadi iandikwe jina, simu, kiasi na tarehe ya kulipa, na mtu mmoja mpole apewe kazi ya kukumbusha mara mbili, si zaidi. Kupanga matumizi kwa ahadi ndiko hufanya kamati ikope kulipia hema.

Bango lenu likishasambaa kwenye WhatsApp, mtu anaweza kubadilisha nambari ya Paybill na kulirusha tena. Waambieni watu watazame jina linalojitokeza kabla ya kuweka PIN, na mlitaje jina hilo kwenye bango lenyewe. Mezani, ujumbe wa "imethibitishwa" kwenye simu ya mtoaji hautoshi kumpa tiketi. Angalieni upande wenu. Na mtu akipiga simu kwamba amekosea na arudishiwe, asirudishiwe kwa mkono kutoka mfukoni mwa mhazini: afuate utaratibu wa kampuni ya simu.

Baada ya hapo

Ndani ya siku saba, ukurasa mmoja uende kwa kila kundi lililochangia: jumla iliyoingia kwa simu, taslimu na mauzo, gharama, hata ile ya maji ya kunywa ya wahesabu, kiasi kilichotumwa, tarehe, na picha ya risiti ya mpokeaji. Majina yawekwe ya waliokubali tu, na nambari za simu zifichwe. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haijali kwamba ni kundi la majirani. Pesa zitaendelea kudondoka mojamoja kwa wiki mbili tatu. Tangazeni tarehe ya kufunga, tumeni fungu la pili siku hiyo, na mwombe risiti yake pia, hata kama ni shilingi 4,300.