Umeona kipande cheupe kwenye choo? Mjue tegu kabla ya kumeza dawa

Nafanya kazi maabara. Wanaoleta kopo la kinyesi kwa sababu hii huongea kwa kunong'ona: "Kuna kitu kimetoka, kinatembea." Nami huuliza umbo lake kwanza. Kama ni cheupe, bapa, mfano wa mbegu ya boga, na kinajivuta chenyewe, basi hiyo ni pingili, yaani kipande cha mwili, ya tegu, mnyoo bapa wa utumboni. Mwenyewe bado yumo utumboni, amejishikiza kwa kichwa kidogo mno, na urefu wake unaweza kuzidi mita 5.

Usikitupe. Vaa glovu, kitie kwenye kopo safi lenye kifuniko, nawa kwa sabuni, kilete. Mayai ya tegu wa ng'ombe na wa nguruwe hayatofautiani kwenye hadubini: yote ni mviringo, ya kahawia, ganda nene lenye mistari. Pingili ndiyo inayosema ukweli. Naibana kati ya vioo viwili, nahesabu matawi ya mfuko wa mayai kwa upande mmoja. Yakifika 14 au zaidi, ni wa ng'ombe. Yakiwa chini ya 12, ni wa nguruwe. Hapo katikati ndipo tunapobishana na wenzangu.

Kwa nini nasumbuka na hesabu hiyo? Kwa sababu tegu wa nguruwe ana njia mbili za kukuingia, na watu huzichanganya. Ukila nyama yake isiyoiva yenye vifuko vya lava (mnyoo mchanga), unapata mnyoo utumboni. Ukimeza mayai yake, yaliyotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu na kufika kwenye mikono, maji au mboga, lava hutoboa utumbo, hufuata damu na kujenga vifuko kwenye misuli, macho, hata ubongo. Ndiyo maana mtu ambaye hajawahi kuonja nguruwe anaweza kuanza kifafa ukubwani kwa sababu ya mdudu huyu. Kinyesi chake kinaweza kuwa hakina mayai wala pingili. Vifuko vya kichwani huonekana kwa picha za CT au MRI.

Kama hukuona pingili ila una shaka, leta sampuli 3 za siku tofauti, maana mayai hayatoki kila siku. Ukihisi umeambukizwa wiki iliyopita, ni mapema mno: tegu huchukua miezi kama 2 kukomaa.

Dawa ni prazikwanteli au niklosamidi, kwa kawaida dozi moja. Tafadhali usijinunulie tu. Kama umewahi kupata degedege au unaumwa kichwa kisichoisha, mwambie daktari kabla, kwani prazikwanteli hufika ubongoni, na vifuko vikifa huko huleta uvimbe.

Tegu wa samaki, anayepatikana kwa kula samaki mbichi wa maji baridi (yasiyo ya chumvi), hula vitamini B12 yako. Wengine hugundulika kwa upungufu wa damu.

Nyama iive hadi kiini: nyuzi joto 63 kwa vipande, kisha ipumzike dakika 3, 71 kwa nyama ya kusaga. Ukishatibiwa, rudi upimwe baada ya mwezi 1 na tena baada ya 3. Kichwa kikibaki, mwili wote huota upya. Akiwa ni wa nguruwe, njoo na unaoishi nao, hasa anayepika.