Kuwapeleka watoto Saanane ukiwa mgeni Mwanza

Wamama wenzangu mliohamia Mwanza kama mimi (kwetu Nakuru, huku nimemfata mume kikazi), mkitaka kutoka na watoto bila safari ndefu nendeni Saanane, kile kisiwa cha hifadhi ya taifa hapo Ziwa Victoria. Boti inaondokea Capri Point, dakika kumi hivi mshafika kisiwani. Nendeni asubuhi, maana mchana yale mawe yanawaka moto na mdogo atataka kubebwa mpaka juu, mgongo utakusimulia. Bebeni vitambulisho, sisi wa Afrika Mashariki kiingilio chetu ni nafuu kuliko wageni wa mbali. Laifujaketi mvalishe mtoto mwenyewe, kaza kamba. Chakula kiwe kwenye begi la zipu, mi nilitoa chapati nikageuka kumfuta mdogo makamasi, kugeuka tena tumbili kashabeba mfuko mzima yuko juu ya mti anakula huku ananiangalia, watoto wananitania mpaka leo. Pimbi wao hawana shida, wanaota jua tu kwenye mawe. Kuchezea maji ya ufukweni hapana kabisa, kichocho kipo, wakilia walie. Mkirudi mjini tafuteni sato wa kukaanga na ugali, ila miiba mtolee mwenyewe.