Kabla ya kukabidhi mradi wa GROMACS

Umeme wa Kampala ukikatika katikati ya simulesheni ya GROMACS (programu ya kuiga mwendo wa molekuli kwa kompyuta), usianze upya. Amri `gmx mdrun -deffnm prod -cpi prod.cpt` huendelea ilipoishia, mradi mafaili ya awali yako palepale kwa majina yaleyale. Kwa kawaida .cpt (faili linaloweka hatua iliyofikiwa) huhifadhiwa kila dakika 15. Ongeza `-cpt 5` ili iwe kila dakika 5.

Maksi nyingi hupotea kwenye wastani unaoanzia muda sifuri. Chora kwanza RMSD (kipimo cha jinsi atomi zilivyosogea kutoka umbo la kuanzia) na nishati dhidi ya muda, kisha kata sehemu ambayo bado inapanda. Kuacha nanosekunde 10 za mwanzo kwenye uchambuzi ni `-b 10000`, maana hapo hesabu ni ya pikosekunde (wengi huandika 10 na hawashtuki). Fremu (picha za mwendo zilizohifadhiwa) zinazofuatana hufanana mno, kwa hiyo kugawa mkengeuko sanifu kwa kipeuo cha pili cha idadi ya fremu zote hutoa kosa dogo la uongo. Gawa data vipande 5 virefu, pata wastani wa kila kimoja, ndipo ukadirie kosa.

RMSD ikiruka ghafla nanomita 3, huo si ugunduzi: molekuli imevuka ukuta wa kisanduku cha simulesheni na kutokea upande wa pili. Pitisha `trjconv -pbc whole` kuunganisha molekuli, halafu `-pbc nojump` kuondoa mruko.

Kabidhi .mdp (mipangilio), .top (maelezo ya molekuli) na .tpr (faili la kuendeshea); .xtc (faili la mwendo) iondolee maji kwanza, bando lisiishe bure.